Kinyozi Aliyekiri Ulevi

Mtaani walimwita Mstari, na jina hilo hakujipachika mwenyewe. Alipewa na wateja, kwa sababu mstari wa nywele aliouchora kwenye paji la uso wa mtu ulinyooka kiasi kwamba mwalimu mmoja wa hesabu, akijitazama kiooni, alisema mstari ule angeweza kwenda nao darasani. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mrefu, mwembamba, mchache wa maneno. Mikono yake ilikuwa na adabu. Wapo vinyozi wanaokugeuza kichwa kana kwamba wanachagua tikiti sokoni. Yeye alikugusa kidevu kwa ncha ya kidole, nawe ukageuka mwenyewe.

Saluni ilikuwa na viti vitatu, vioo vitatu, na feni moja iliyozunguka ikipenda. Vinyozi wawili wengine walikaa wanachezea simu, huku foleni ya Mstari imefika mlangoni. Watu waliwaona wale wawili, wakaviona na viti vyao vitupu, na bado wakasubiri. Roho iliwauma wenzake, lakini wangefanya nini? Kipaji hakigawanywi kwenye sahani.

Ugonjwa ukamwanzia kwenye kope ya jicho la kushoto. Asubuhi ilikuwa sawa. Ikifika alasiri inashuka yenyewe, inafunika nusu ya jicho, na hata akiikaza namna gani haipandi. Dada mmoja aliyemleta mwanawe kunyolewa alimwuliza, "Kaka, unanikonyeza au una usingizi?" Saluni nzima ikaangua kicheko. Mstari naye akacheka, na kucheka kwenyewe kukatoka vibaya, kwa maana pembe za mdomo zilikataa kupanda. Mdomo ulipanuka tu kama wa mtu aliyeonja shubiri. Yule dada akaacha kucheka, akamvuta mwanawe karibu.

Baada ya kope ikaja mikono. Kichwa cha kwanza kilikwenda vizuri, na cha pili, na cha tatu, kisha mashine ya kunyolea ikaanza kuwa nzito. Mkono ulianza kushuka wenyewe, akawa anaegemeza kiwiko kwenye bega la mteja akijifanya anatafuta pembe nzuri. Baada ya mikono ukaja ulimi. Akiongea kidogo, maneno yanatoka yamekamilika. Akiongea sana yanalainika, yanapita puani, na mtu wa pili lazima aulize, "Umesemaje?" Nyama ikawa kazi. Alitafuna matonge machache, taya likachoka, akawa analisukuma kwa kiganja kutoka chini. Jioni akitembea kurudi nyumbani aliona nguzo mbili za umeme pale penye nguzo moja, akapita katikati yake, akajigonga.

Sasa wewe mwenyewe mtazame kijana huyo. Kope zimelegea, ulimi mzito, mkono hautulii, anapigana na nguzo. Ungesema nini? Basi na mtaa ulisema hivyohivyo. Na kwa kuwa mtaa hausahau kitu, wakaongeza na kile cha baba yake: mtoto wa nyoka ni nyoka.

Baba yake alikuwa dereva wa lori, na yeye alikunywa kwelikweli, hilo halina ubishi. Alikunywa mpaka ini likamtupa mkono. Lakini kilichomuumiza mkewe kuliko pombe yenyewe ni kukana. Mtu amelala kizingitini, kiatu kimoja kiko barabarani, na anasema, "Mke wangu, sijaonja kitu." Alikana akiwa amesimama, alikana akiwa kitandani hospitali, na mkewe alimfumba macho kabla hajasikia neno la kweli. Kutokana na ndoa ile mama akajifunza somo moja, akalikariri vibaya: kwamba mlevi hujulikana kwa kukana. Anayekana sana ndiye anayekunywa sana, na anayekiri ameshaanza kupona.

Mama huyo alikuwa mpishi wa shule. Alipika kwenye sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuogea ndani, kwa mwiko mrefu kama kasia, na alikuwa na mtoto mmoja tu duniani. Siku alipoiona ile kope imeshuka, hakuuliza kitu. Alimsogelea mwanawe pale mlangoni akamwambia, "Nipumulie."

"Mama?"

"Nimesema nipumulie usoni."

Mstari akapumua. Mama akavuta hewa, akavuta tena, hakusikia harufu yoyote ila ya poda ya saluni. Ungedhani angefurahi. Wapi! Akatikisa kichwa akasema, "Siku hizi wametoa pombe zisizonuka."

"Mama, mimi sinywi. Sijawahi kuonja."

"Hayohayo," alisema mama, machozi yakimlenga. "Maneno yaleyale ya baba yako. Hata mpangilio wake."

Kuanzia siku hiyo, kila jioni, kabla hajavua viatu, Mstari alipumuliwa. Nasema alipumuliwa kwa sababu sijui niseme vipi. Mama hakumpa tena mkono wala hakumshika bega kama zamani. Alisogeza pua, akanusa, akaenda jikoni. Kijana alichukia jambo lile kuliko kope, kuliko mikono, kuliko nguzo zote za umeme. Akajiambia kwamba ugonjwa huu lazima uwe na jina, na siku atakapolipata ataliweka mezani mbele ya mama yake, na mambo yataisha.

Akaenda kulitafuta. Na hapo ndipo mtu anaweza kulia au kucheka, achague mwenyewe.

Mtu anayekwenda kumwona daktari hujiandaa. Mstari aliomba ruhusa kazini, akalala vya kutosha, akaoga, akavaa shati lililopigwa pasi, akawahi alfajiri ili awe mbele kwenye foleni. Halafu akakaa kwenye benchi, amepumzika, mikono mapajani, mpaka akaitwa. Daktari wa zahanati akamwambia, "Kunja ngumi. Nisukume. Fumbua macho. Cheka." Alikunja, akasukuma, akafumbua, akacheka vizuri kabisa, meno yote nje.

"Kijana, wewe ni mzima kuliko mimi."

"Daktari, ni jioni ndiyo inanishika. Nikifanya kazi."

"Jioni kila mtu anachoka," alisema daktari. "Hata mimi ukinikuta jioni utanihurumia."

Akampa dawa ya malaria, isije ikawa ndiyo. Safari ya pili akapewa vidonge vya kuongeza damu, ingawa damu ilikuwepo. Daktari wa macho alimpa miwani, na kwa miwani aliona nguzo mbili zile zile, safari hii zikiwa safi zaidi. Alipolalamika kuhusu taya, daktari wa meno aligonga huku na huku, akasema tatizo ni jino la nyuma kabisa, akaling'oa. Lilikuwa jino zima, halina hata doa. Kote huko alikwenda asubuhi, amelala, ameoga, shati limenyooka. Ugonjwa wenyewe ulikuwa unaamka alasiri, wakati madaktari wameshafunga milango. Hakuna aliyemwambia aje amechoka. Nani angemwambia? Kwa desturi zetu, mtu hamwendei daktari akiwa mchafu na hoi isipokuwa amebebwa.

Kisha akamkata mzee mmoja sikio. Halikuwa jeraha kubwa, lakini sikio lina damu nyingi na mzee yule alikuwa na sauti. Mwenye saluni, mtu wa tumbo kubwa asiyependa ugomvi, alimwita Mstari nyuma ya pazia wanapoanika taulo.

"Mwanangu, mimi sikatazi mtu starehe zake. Lakini si akiwa na wembe mkononi."

"Bosi, unanijua. Lini umeniona nakunywa?"

"Sijakuona. Nayaona macho yako. Nenda kapumzike nyumbani kwanza, ukijirekebisha kiti chako kipo."

Akaenda akapumzika. Alilala, alikaa, hakuinua kitu kizito kuliko kikombe. Na kwa kupumzika, akapata nafuu! Kope zikapanda, maneno yakanyooka, akala nyama. Mama akamtazama kwa furaha iliyochanganyika na uchungu, akapiga mikono.

"Si unaona? Hujatoka, hujaenda huko unakokwenda, na macho yako yamefunguka kama ya mtoto. Sasa utanidanganya nini tena?"

 Ukweli ni kwamba hata Mstari mwenyewe alianza kujishangaa. Aliporudi saluni, siku chache zikapita, kope ikashuka tena. Kwa mama ile ilikuwa hukumu, haikuhitaji shahidi mwingine. Hata hivyo mashahidi wakaitwa.

Mjomba wake, kaka mkubwa wa mama, alikuwa karani mstaafu aliyependa vikao. Hata kuku akipotea, yeye alitaka watu wakae na mtu mmoja aongoze. Aliitisha kikao siku ya mapumziko, mchana, pale sebuleni kwa mama. Akaja shangazi, dada wa marehemu baba. Wakaja majirani wawili, na mwenye saluni akaombwa naye afike, akaketi karibu na mlango kama mtu anayetaka kutoroka. Wakaanza na salamu, wakafuata na habari za kila mtu na kila mgonjwa, mjomba akasimulia alivyokuwa yeye katika ujana wake, jinsi alivyojitunza. Walipomgeukia mshtakiwa, jua limeshapinda, na Mstari alikuwa ameshaitikia, ametabasamu na kuongea mpaka uso umemwishia nguvu.

"Tuambie mwenyewe," alisema mjomba. "Hapa hakuna adui yako."

Mstari akaanza kujieleza. Alieleza kuhusu mikono, kuhusu taya, kuhusu madaktari wote, na jinsi ambavyo asubuhi huwa mzima. Lakini kila neno lilimtoa nguvu ya neno linalofuata. Sentensi ya kwanza ilitoka safi. Ya tatu ikaanza kupita puani. Kadiri alivyokazana kukana, ndivyo ulimi ulivyozidi kuburura.

Mjomba akainua kidole. "Msikilizeni! Sisemi mimi, asikilize mwenye masikio. Huo ni ulimi wa mtu aliyekesha na chupa, na amethubutu kuja nao kikaoni!"

"Masikini, kama namsikia kaka yangu," alisema shangazi, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Mwenye saluni alitazama viatu vyake. Mama ndiye aliyeinuka. Alikuja akapiga magoti mbele ya mwanawe, mama mzima, mbele za watu, na hilo peke yake lingemtosha mtu kufa kwa aibu.

"Mwanangu, baba yako alikana mpaka nikamfumba macho. Mficha maradhi kilio humfichua. Mimi kilio hicho nimeshakilia, sitaki cha pili. Sema tu. Sitakupiga, sitakufukuza. Ukisema, nusu umepona."

Mstari alimtazama. Aliwaona mama wawili, wote wanalia. Kukana kulihitaji ulimi, na ulimi haukuwepo. Kukiri kulihitaji neno moja.

"Nakunywa," alisema.

Lo! Mama aliruka pale chini akamkumbatia, akambana kifuani kwa ile mikono ya kukorogea sufuria za shule, akawa analia na kucheka kwa pamoja. "Mungu mkubwa! Mungu mkubwa! Ameniambia!" Shangazi akashukuru kwa sauti. Majirani wakapumua. Na Mstari, kichwa chake kikiwa kimelala begani kwa mama yake, alisikia joto lililokuwa limepotea nyumba ile tangu alipoanza kunuswa, na akafumba macho.

Mjomba peke yake hakuridhika, maana kikao kinataka maelezo. "Unakunywa nini hasa?"

Kijana hakujua jina la pombe hata moja. "Ile... nyeupe."

"Ile nyeupe!" Mjomba alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu anayeifahamu vizuri mno. "Ile haina huruma. Ile hata hainuki."

Juma lililofuata mama alimpeleka hospitali ya wilaya yeye mwenyewe, amemshika mkono barabarani kama mtoto wa chekechea, na Mstari akaacha ashikwe. Alikuwa na mpango. Akifika mbele ya daktari atasema kweli. Lakini kabla hawajakaa sawasawa, mama alishasema, uso unang'aa, "Daktari, huyu ameshakiri mwenyewe. Anataka kuacha."

Daktari alikuwa amechoka, na mbele yake foleni ilikuwa haina mwisho. Maneno yale yalimpunguzia kazi. Macho yaliyolegea, ulimi, mikono, kula kwa shida, kila kitu kikaingia mahali pake. "Hongera sana, kijana," alisema. "Wengi hawafiki hapa." Mstari akafungua mdomo. Akamtazama mama yake, alivyokaa wima kwenye kiti, alivyojaa fahari kana kwamba mwanawe amefaulu mtihani. Akaufunga. Ningekuwa pale ningempiga kofi, naye angenisamehe. Wakapewa vidonge vya kutuliza mwili, vile wanavyopewa watu wanaoacha pombe ili wasitetemeke.

Vidonge vile vilimwangusha. Mwili uliokuwa umelegea ukalegezwa zaidi. Uji ulimpalia. Maji aliyokunywa yalitokea puani. Shingo ikakataa kubeba kichwa, akawa anakaa ameshika kidevu kwa kiganja kama mtu anayewaza mambo makubwa. Mama alimkalia karibu, akampangusa, akamtia moyo.

"Ndiyo inatoka hiyo, baba. Mjomba wako alisema, ikitoka lazima ikutese. Vumilia."

Mstari alikusanya nguvu asubuhi moja, wakati ulimi ungali na uhai, akasema polepole, "Mama. Sikunywa. Sikuwahi kunywa. Nilisema tu."

Alimwona mama yake anavyofunga uso. Ulikuwa wazi, na mara ukafungwa, kama duka.

"Tumerudi kulekule?" alisema mama. Aliweka kidonge kingine kwenye kiganja chake. "Meza. Hayo si maneno yako, hiyo ni pombe inayosema."

Akameza. Mtu wa namna hiyo angefanya nini kingine? Alikwisha kujifungia mlango kwa ndani na ufunguo kampa mama, na mama kwa mapenzi yake yote ameumeza.

Siku mama alipomkuta hawezi kulala chali, amekaa ukutani mabega yakipanda na kushuka, midomo imebadilika rangi, hata yeye aliona kwamba pombe haitoki namna ile. Alipiga ukelele, jirani akatoa gari, wakaenda moja kwa moja hospitali kubwa.

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke kijana, mwenye ndala miguuni na kalamu nyweleni. Mama akaanza palepale, "Ni mlevi, daktari, lakini ameshaanza kuacha."

"Anakunywa nini?"

"Ile nyeupe."

Daktari hakuandika. Alimwinamia Mstari. "Vuta pumzi, kisha nihesabie kwa sauti mpaka iishe." Mstari alihesabu kidogo tu, sauti ikazama. Daktari akamtazama macho. "Kope hizi, ukiamka asubuhi zinakuwaje? Kama ni nzuri nionyeshe dole gumba." Dole gumba likapanda. "Jioni?" Dole likashuka. "Ukifanya kazi zaidi, inazidi?" Likashuka zaidi, na jicho moja la kijana likaanza kutoa machozi, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyewahi kumuuliza.

Daktari alitaka barafu. Muuguzi akaleta vipande ndani ya glavu iliyofungwa, daktari akaiweka juu ya kope ya kushoto, akaishikilia, huku anaagiza mashine ya kupumulia iletwe upesi. Kisha akaiondoa.

"Mama, njoo utazame."

Kope ilikuwa imepanda. Jicho la mwanawe lilikuwa wazi, lote, linamtazama. Taratibu, mbele ya macho yake, likaanza kufunikwa tena.

"Pombe haiondoki kwa barafu, mama," alisema daktari, si kwa ukali.

Akaeleza huku mikono yake inafanya kazi. Mwili una askari wa kuulinda, na wa huyu kijana wamechanganyikiwa, wanapiga pale ambapo mishipa ya fahamu inaupa msuli amri. Amri inatoka, haifiki. Akipumzika, au msuli ukipoa kwa barafu, inafika kidogo, akifanya kazi inakatika. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii hata nguo haipo katikati. Ugonjwa huu unaitwa miastenia. Si wa kurogwa, si wa kulewa, na una dawa. Kisha akauliza amekuwa akimeza nini. Mama akatoa pakiti kwenye pochi. Daktari akaisoma, akakunja midomo.

"Hizi hapewi mtu wa ugonjwa huu. Zinamkata pumzi. Nani alimwandikia?"

Mama angeweza kumtaja yule daktari wa wilaya, na isingekuwa uongo. "Mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia kwamba ni mlevi."

Wakamtia mwanawe mpira kooni, mashine ikapumua badala yake. Mama alikaa kwenye korido. Alikuwa amelipata lile jina ambalo kijana alilitafuta ili amwekee mezani, na yeye mwenyewe aliyelitafuta hakuwa na kinywa cha kulitamka.

Hakufa. Baadhi ya wanaosikiliza wangetaka afe, hadithi ikamilike, hakufa. Mpira ulitolewa, akapewa vidonge vya kumeza kwa saa maalumu maisha yake yote, akarudi nyumbani amekonda. Kope zilipanda kiasi. Mikono haikurudi ilivyokuwa. Aliweza kunyoa kichwa kimoja, akapumzika, akajaribu cha pili, na wembe hakuweza kuushika kwa muda wa kutosha kuchora mstari. Kwa hiyo hata kama wateja wangekuja, angekuwa na kazi ndogo. Lakini hawakuja. Mwenye saluni alisema kiti kipo, halafu akampa mtu mwingine.

Mama alizunguka mtaa mzima, nyumba hadi nyumba, akieleza habari za askari na mishipa. Watu walimkaribisha, wakampa kiti, wakasema, "Ndiyo, mama. Tunaelewa, mama." Akitoka walitazamana kwa huruma. Mama wa mlevi anamfunika mwanawe, atafanyaje, ni damu yake. Alipokwenda kwa kaka yake kutaka kikao kiitishwe upya, mjomba alivua miwani akaifuta.

"Dada, kikao kimeshafungwa. Huyu hakusingiziwa na mtu. Alikiri kwa kinywa chake, na wewe ndiye uliyemshukuru Mungu."

Alirudi nyumbani na maneno hayo. Alasiri moja aliketi kitandani kwa mwanawe anamlisha wali uliopondwa, kidogo kidogo, kama walivyoelekezwa. Mstari siku hizo aliyapima maneno yake. Hakutumia matatu pale ambapo mawili yanatosha. Mama akashusha kijiko.

"Nikuulize kitu, mwanangu. Mimi nilikuwa mjinga, hilo najua, nalala nalo naamka nalo. Lakini wewe ulikuwa unaujua ukweli. Kwa nini ulikubali? Si ungekataa tu? Ungekataa mpaka mwisho!"

Hakukuwa na ukali katika sauti yake. Alikuwa anaomba kusaidiwa. Mstari alimeza kilichokuwa mdomoni, akangoja koo litulie.

"Nikikataa, ulikuwa unaninusa," alisema. Akapumzika. "Nilipokubali, ulinikumbatia."

  Mama akachota wali kidogo, akaupuliza ingawa ulikuwa umeshapoa, akakaa akingoja taya la mwanawe lipate nguvu.